Mtoto Asiyesumbua

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ina tarehe na saa yake, maana niliiandika kabla sijajua ni siku ya namna gani. Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1984, saa kumi na dakika ishirini za jioni. Nilikuwa nimeweka mbele yangu saa ya mezani ya kaka yangu, ile yenye kengele, nijipime na karatasi ya hesabu, na nilikuwa nimefika swali la tisa. Mlango ukaingia giza. Nikainua macho, nikamwona Susu, nyanya yangu mzaa baba, amesimama na kiondo chake, vumbi limempanda hadi magotini. Alikuwa ametoka kijiji cha Tulia kwa shangazi, mabasi mawili na miguu juu yake. Hakunisalimu. Aliutazama mkeka uliokuwa kando yangu, alipolala Mwende, mtoto wa kaka huyo, akauliza, "Huyu amelala tangu saa ngapi?"

Nikasema tangu saa nne asubuhi. Na nilisema kwa fahari kidogo.

Utanisamehe nikikuita mwanangu na wewe hujazaliwa, na pengine hutazaliwa, hayo anajua Mungu. Mimi naandika haya nikiwa Fomu Nne, sijatimiza miaka kumi na nane. Lakini kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, na mimi ni Syombua kama Susu alivyo Syombua, kwa hivyo baba yangu tangu nizaliwe ananiita mwaitu, yaani mama yangu. Wazee wa kanisa nao wakinikuta njiani hunichokoza, "Nyanya, umeamkaje? Magoti hayaumi leo?" Ninainamisha kichwa na kupita, sijui kujibu mizaha. Basi nimezoea kuwa mzee kabla ya wakati, na leo nitautumia uzee huo wa jina, kwa sababu ninayotaka kusema siwezi kuyasema kwa mdomo. Mbele ya watu maneno yangu hurudi tumboni. Kwenye daftari hutoka.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Baba na kaka walikuwa kazini Mombasa, na nyumba yetu, kule juu ya soko la Kasikeu, ilikuwa mikononi mwa Ndinda, mke wa kaka. Mwende alikuwa binti yao, mwaka mmoja na miezi kumi. Ndinda alikuwa na mimba nyingine, na alikuwa amemwachisha Mwende ziwa tangu alipoijua, maana wanawake wa kwetu husema maziwa ya mwenye mimba ni ya yule aliye tumboni. Mvua ilikuwa imekataa. Mbuzi tuliwauza wakiwa bado wanasimama, kuku tukawala mmoja mmoja, na kufikia mwezi wa sita tulikuwa tunaishi kwa mahindi ya manjano ya msaada. Ili uyapate, kila nyumba ilitoa mtu wa mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kuchimba matuta kwenye mteremko, jembe na sururu kutoka alfajiri hadi alasiri. Ndinda alichimba na tumbo lake. Mwezi huohuo shule yetu ilifungwa mapema kwa sababu ya njaa, mimi nikapewa mtoto.

Nikapewa mtoto, na mimi nilitaka kusoma. Hilo ndilo neno la kwanza la kweli, na naliandika bila kulizungusha. Fomu Tatu si mchezo, na nilikuwa nimejiahidi kuingia Fomu Nne nikiwa wa kwanza, kwa sababu msichana asiyejua kuongea lazima awe na kitu kingine.

Wiki ya kwanza Mwende alinimaliza. Alikuwa mtoto wa vurugu. Alirarua ukurasa wa Biolojia, akala chaki, akamwaga mafuta ya taa, akamfukuza kuku wa jirani mpaka jirani akaja kulalamika kwamba kuku wake hatataga tena katika maisha yake. Nikimweka ndani anatoka. Nikimfungia mlango analia mpaka naona aibu. Ndipo nikajifunza ujanja. Nilipika uji wa unga wa manjano, mzito, na sukari tuliyoletewa kutoka Mombasa, nikamshibisha mpaka akakataa kijiko. Kisha nikambeba mgongoni, nikamkaza kwa leso, nikatembea huku na huku chumbani nikikariri masomo yangu hadi shingo yake ikalegea. Nikamlaza, nikashusha pazia. Akiamka, uji tena, mgongo tena. Na siku ambazo hakutaka kulala, mwanangu, nilimfunga leso kiunoni, na ncha nyingine nikaifunga kwenye mguu wa kitanda.

Kuna siku nilisahau kuifunga, na hakwenda popote.

Nilifurahi. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu wazima wakisimulia makosa yao hupenda kusema walikuwa na wasiwasi moyoni. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilisema, sasa amezoea. Alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, akitazama mlango. Ukimpa kijiko anashika, ukikiondoa anaachilia. Akilia, ni kilio kidogo cha kunung'unika, kama cha mzee anayegeuzwa kitandani, halafu analala. Mimi nilimaliza Jiografia yote.

Na akanona, au ndivyo tulivyosema. Mashavu yalijaa mpaka macho yakawa madogo. Migongo ya miguu ikaumuka, viatu alivyoletewa na baba yake havikuingia tena. Njaa ile, watoto wa majirani walikuwa wameisha mpaka unahesabu mbavu, na wa kwetu alikuwa anang'aa. Ndinda alimpeleka kliniki akapimwa kwenye ile mizani ya kuning'inizwa, na aliyekuwa anapima, na foleni ilikuwa ndefu, akatia nukta kwenye kadi na kusema, "Huyu anapanda. Mwingine." Ndinda alirudi na kadi ile ameishika kama cheti cha shule.

Kule kisimani wanawake walinizunguka.

"Syombua, mnamlisha nini huyu? Tuambie tuje tuibe."

"Wangu amekuwa ufito, na wao wana mtoto asiye na shingo."

"Ni mkono wa nyanya huo. Susu mdogo anajua kulea kuliko nyinyi mliozaa."

Wakacheka, nami nikacheka kwenye leso. Jumapili iliyofuata mchungaji alikuwa anahubiri juu ya Bwana kulisha watu wake jangwani, na katikati ya mahubiri akanyoosha mkono mpaka kwenye benchi letu. "Dada Syombua, tuletee huyo mtoto hapa mbele." Mimi, ambaye hata nikiombwa kusoma mstari mmoja wa Biblia mbele ya vijana nilikuwa najificha chooni. Nilisimama, nikatembea. Mchungaji alimchukua Mwende, akamwinua juu ya kichwa chake. "Mtazameni. Kuna njaa hapa?" Kanisa lote likasema hakuna. Mwende hakulia, hakushtuka, hakuangalia chini. Alining'inia tu.

Aliponirudishia, nilimwekea gauni sawa, na hapo nikaona. Kwenye paja lake, pale mchungaji alipomshika, vidole vinne vilikuwa vimebaki. Havikuwa vyekundu, havikuwa jeraha. Vilikuwa mashimo, kama ya mtu aliyebonyeza ugali uliopoa. Nilingoja vijae. Tuliimba wimbo mzima na bado vilikuwepo.

Nilivuta gauni, nikavifunika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Si kwamba sikujua kabisa. Shuleni nilikuwa nimechora mtoto wa kwashakoo katika daftari la sayansi ya nyumbani, tumbo kubwa, mikono kama vijiti, nywele kama ndevu za mahindi makavu, na mwalimu akapitisha mchoro wangu darasani uangaliwe. Lakini mtoto wangu wa mchoro alikuwa mkondefu na alikuwa analia. Mwende hakufanana naye. Hiyo ndiyo sababu moja, na ningeweza kuiacha hapo ukaniamini. Sababu ya pili ni kwamba siku ile, mara ya kwanza tangu nizaliwe, watu wengi walikuwa wamenitazama na wakaona kitu kizuri. Sikutaka kukirudisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha vizuri, kwa gauni la maua.

Turudi Jumanne, Susu akiwa mlangoni.

Aliweka kiondo chini, akachuchumaa kando ya mkeka polepole, akishika ukuta. Hakumwamsha mtoto. Alishika mguu wake, akaweka kidole gumba juu ya mgongo wa mguu, pale mbele ya kifundo, akabonyeza, akakaa hivyo kama mtu anayesikiliza. Alipoondoa, shimo likabaki. Akalitazama. Mimi pia nikalitazama. Saa ya mezani ilikuwa inapiga tiki tiki.

"Haya si mafuta," akasema. "Ni maji."

"Mara ya mwisho alikimbia lini?"

Sikukumbuka.

"Alicheka lini?"

Sikukumbuka.

"Haya. Alikusumbua lini?"

Hilo nikalijibu haraka, maana nilidhani litanisaidia. "Hasumbui, Susu. Ni mtoto mzuri sana."

Akanigeukia. Susu ana jicho moja lenye ukungu, na ndilo analokutazama nalo akikasirika. "Mtoto mzuri," akasema, "ni yule aliyevunja kikombe asubuhi na jioni anatafutwa na fimbo. Mtoto wa umri huu akikaa kimya, usimsifu. Mshike uone kama yuko. Anakula nini?"

"Uji."

"Na nini?"

"Na ugali. Na sukari kwenye uji."

"Na kunde?"

Hapo macho yangu yakaenda yenyewe juu ya kabati. Pale palikuwa na debe la kunde. Susu aliliacha mwezi wa kwanza alipokwenda Tulia, mdomo wake ameuziba kwa kifuniko, majivu na kinyesi cha ng'ombe. Ilikuwa mbegu. Mwanangu, kama utakulia mahali ambapo mbegu inanunuliwa dukani ndani ya pakiti, hutaelewa debe hilo lilikuwa nini. Mtu wa kwetu anaweza kuuza kitanda. Anaweza kula majani ya porini na kuchemsha ngozi. Mbegu haigusi, kwa sababu siku mvua itakaponyesha, mwenye mbegu ni mtu, na asiye nayo ni mwombaji mlangoni mwa mwenye nayo. Susu aliliacha kwangu na si kwa Ndinda, kwa kuwa mimi na yeye ni mtu mmoja kwa jina. Miezi saba nililipangusa vumbi kila Jumamosi. Mtoto alikuwa anavimba chini yake.

"Nilikuambia nini juu ya hilo debe?" Susu akauliza.

"Uliniambia hata tukila majani, nisifungue."

Nilidhani anatafuta matusi. Badala yake alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha kama msichana, akaanza kusema akitazama miguu yake mwenyewe. Alisema kwamba alipokuwa wa rika langu kulikuwa na njaa, na mama yake akafungua mbegu wakala. Mvua ikaja, majirani wakapanda, wao wakasimama kando ya shamba lao safi lenye unyevunyevu bila punje moja ya kuweka. Njaa ya watu ikaisha, ya kwao ikaanza. Alichekwa. Alitumwa nyumba kwa nyumba na kibuyu, akiwa msichana mkubwa wa kuposwa. "Nikaapa," akasema. "Nikasema mimi katika nyumba yangu mbegu haitaliwa. Nimeapa miaka yote hiyo, na nimekuapisha wewe. Basi kosa hili lina Syombua wawili."

Kisha akaniambia nilete panga. Alisimama kwenye kigoda akalishusha debe mwenyewe, akaingiza ncha ya panga chini ya kifuniko, akakizungusha mpaka majivu yakamwagika sakafuni.

Ndinda alitukuta hivyo, jembe begani, udongo hadi kiunoni. Aliona kunde kwenye ungo, akasimama. "Mama," akamwambia Susu kwa heshima, "hizo ni za kupanda."

"Zitakazobaki zitapandwa. Njoo ushike mguu wa mtoto wako."

Ndinda alishika. Alibonyeza mara moja, akaondoa kidole, akabonyeza mahali pengine, kama mtu anayetafuta sehemu ambayo bado ni nzuri. Kisha akaenda chumbani mbio, akarudi na kadi ya kliniki, akaifungua mbele ya Susu asiyejua kusoma. "Lakini anapanda, mama. Ona. Hii hapa mwezi wa sita, hii mwezi wa saba. Ona inavyopanda."

"Maji ni mazito," Susu akasema. "Mzani haujui."

Hatukumlisha siku hiyo ila vijiko vichache vya mchuzi wa kunde zilizopondwa, na aliumeza kama mtu aliyelazimishwa. Ngozi ya nyuma ya mapaja, tulipomgeuza, ilikuwa imeanza kuchanika kama rangi kuukuu ukutani. Hayo pia ningeyaona mapema kama ningekuwa namwogesha mtoto badala ya kumpangusa tu alipokuwa amelala. Lori la mahindi lilikuwa linateremsha magunia kwa chifu na lingerudi barabara kuu kabla ya jua kuzama. Susu akasema hatungoji kesho kumpeleka hospitali. Alikwenda akasimama katikati ya njia, kikongwe na fimbo yake, mpaka dereva akakanyaga breki.

Wakati Ndinda anapandishwa, nilimshika Susu mkono. Nilimwambia juu ya vidole vya mchungaji. Nilimwambia kwamba niliviona nikavifunika. Sijui kwa nini nilichagua wakati ule, pengine kwa sababu lori lilikuwa linanguruma na nilidhani nusu ya maneno hayatasikika.

Aliyasikia yote. "Kumlaza ulikuwa hujui," akasema. "Asiyejua huambiwa. Lakini uliona, ukanyamaza? Basi hiyo ndiyo itakayokuamsha usiku ukiwa na mvi kama mimi. Nyumba njema si mlango, Syombua, na mtoto mzima si mashavu. Uliingia ndani ukaona, ukatoka ukafunga mlango."

Akapanda. Hakuniaga kwa mkono.

Mwende alifariki hospitalini Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Wauguzi walijitahidi, Ndinda anasema, walimpa maziwa kidogo kidogo kwa mrija, lakini alikuwa amecheleweshwa. Alisema kwamba maji yalipoanza kumtoka, chini yake hapakuwa na mtoto ila mifupa. Ule unene wote tuliousifu ulikwenda kwa siku mbili, na akafa akiwa mwembamba kuliko wale watoto wa jirani waliokuwa wakichekwa. Tulimzika Jumamosi. Mchungaji alihubiri tena, na hakutaja mtoto kuinuliwa. Mvua ikanyesha mwisho wa mwaka, tukapanda kunde zilizobaki, zikazaa sana. Ndinda alijifungua mtoto wa kiume. Hajawahi kunilaumu hata kwa jicho, na mimi sijui kama ni huruma au ni uchovu. Siku aliponipa huyo mtoto mara ya kwanza nimshike, alisema neno moja tu: "Akipiga kelele, mwache apige." Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini wangu alikuja mapema, na anakaa nami darasani.

Basi sikiliza, mwanangu, maana siku moja na wewe utawekewa mtoto mikononi, wako au wa mwenzako, na utakuwa na shughuli yako unayoipenda kuliko yeye.

Usingizi wa mtoto ni mshahara wa mchezo. Akikimbia, akaanguka, akapanda mahali pasipopandwa, akafukuza kuku wa watu, kisha akadondoka na kulala huku kijiko kikiwa mdomoni, huo ni usingizi wa kushukuru Mungu, na usimwamshe, kwa sababu mtoto aliyenyimwa usingizi naye hudhoofika. Lakini akilala bila kuwa amecheza, akaamka bila kutaka kucheza, akalala tena, usiseme ametulia. Uliza kimepungua nini ndani yake. Na usimlaze kwa faida yako. Mgongo wa mlezi ni mzuri, nilibebwa na nitabeba, ila mtoto aliyebebwa mchana kutwa amefungwa, hata kama leso ni nzuri na wimbo ni mtamu. Mteremshe. Vumbi litaoshwa.

Uzito nao, upime, kadi itunze, lakini usiache macho yako nyumbani unapokwenda kliniki. Kilo hazisemi ni za nini. Nimeona uzito wa maji, na nasikia mjini kuna uzito mwingine, wa mtoto anayejazwa vitamu na kukalishwa mpaka akikimbia hatua kumi anahema, na huyo pia anasifiwa. Wote wawili husifiwa na watu walewale kwa maneno yaleyale. Wewe mtazame anavyosimama kutoka chini. Mtazame anavyoruka. Mtoto anayekua, mwili wake unamfuata anakotaka kwenda. Na tumbo kujaa si kula. Uji mtupu hujaza. Weka kunde, weka maharagwe, weka yai likiwepo, maziwa yakiwepo, na kama kilichopo kimefungwa ndani ya debe kwa ajili ya kesho, kumbuka kesho inapandwa na watu walio hai.

La mwisho ndilo gumu kwangu. Ukiona, sema. Useme hata kama sauti inakatika, hata kama wamekusifu jana na leo watakugeuka. Watu husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nililishika neno hilo kama Amri ya Mungu kwa sababu lilinifaa. Sikujua kwamba kuna ulimi unaojikwaa kwa kukaa mahali pamoja.

Mungu akupe watoto wa kukuchosha, mwanangu. Mchana nyumba yako ikose utulivu, na jioni wakuangukie mapajani wakiwa wazito kwa mchezo. Nyayo zao ziwe ngumu. Alichokupa Mungu ghalani kisikae juu ya kabati kukiwa na mtoto chini. Na siku utakapokosa, maana utakosa, akukutanishe mapema na mtu atakayekuuliza maswali.

Unaweza kutaka kujua nilifanya nini asubuhi ile ya Jumatano, Mwende akiwa bado hai hospitalini na mimi peke yangu nyumbani na saa ya mezani. Nilikwenda kwa mwethya. Jua lilikuwa halijapata nguvu. Wanawake walikuwa wameshaingia ndani ya mitaro, unaona sururu zikipanda na kushuka na vichwa tu vya leso, na juu, kwenye ukingo, watoto saba walikuwa wamekalishwa kwenye magunia matupu, wametulia kama wako kanisani. Mmoja wa wanawake aliniona. "Nyanya, umekuja kuchimba? Utavunjika kiuno." Wengine wakacheka. Nilisimama mbele ya watoto, nikafungua mdomo, na mara ya kwanza haikutoka kitu. Mara ya pili nikaweza. Niliwaita tucheze ule mchezo wa kuruka kila nyama inapotajwa. Nikataja ng'ombe, nikaruka mwenyewe peke yangu, msichana mzima wa Fomu Tatu. Nikataja mbuzi. Mtoto mmoja aliyekonda, tumbo limeshikana na mgongo, akainuka akaruka. Wa pili akainuka, wa tatu, mpaka wakawa watano, wanaruka na kuyumba na kucheka, vumbi linatoka. Nikataja kuku, nikataja sungura, nikataja kila kinacholiwa.

Wawili hawakuinuka. Ndio waliokuwa na mashavu.

Nilimchukua aliyekuwa karibu, wa kike, akaniegemea bila kuuliza ni nani. Niliteremka naye mtaroni hadi kwa mama yake, ambaye alikuwa ameegemea sururu akifuta jasho.

"Syombua, mbona umemtoa?" akasema. "Alikuwa ametulia."

"Ndiyo sababu nimemleta," nikasema. "Weka sururu chini, mama. Nipe kidole chako."